Mganga wa Bwawa la Mgiriki

Kitendawili. Sema "tega", nami nakutegea: ameingia mwenyewe, mlango haukufungwa, na kutoka hawezi.

Usikimbilie kunipa mji. Mji nitauchukua ukishindwa kabisa, na wewe hujashindwa, unafikiri tu. Kama umewahi kukaa kandokando ya mto Mkondoa utasema: samaki ndani ya mgono. Umepata, sikunyimi. Mgono ni kapu la fito, mdomo wake mpana kama wa mwenye nyumba anayekaribisha wageni, na ndani fito zimechongwa zikaelekezwa mbele, hata samaki akigeuka anakuta ncha zinamtazama machoni. Lakini kitendawili changu kina jibu la pili, na hilo la pili ni mtu. Alikuwa na mke na watoto na suruali ya Jumapili, na jina lake Yeremia.

Yeremia alikuwa Mkaguru wa milimani, upande wa Berega. Alishuka bondeni angali kijana, akaja kukata mkonge katika shamba la Mgiriki mmoja, huko kati ya Kilosa na Mikumi. Mgiriki huyo alikuwa amezuia kijito akapata bwawa la kulisha maji mashine zake za mkonge, bwawa kubwa hata mtu wa ng'ambo akikuita unamwona mdomo unacheza kabla sauti haijakufikia. Na kwa kuwa kwao walikuwa na bahari na huku hakuwa nayo, akaagiza samaki wa kigeni kutoka Kenya. Walikuja kwa treni wamo ndani ya mapipa, wadogo kama kidole cha mtoto, wakamwagwa bwawani. Wazungu waliwaita besi. Watu wa pale walipomwona amekua, kinywa kinafunguka mpaka nyuma ya jicho, wakamwita domo, na jina likashika.

Basi Yeremia akatolewa kwenye mkonge akatiwa majini. Kazi yake ikawa kuwatembeza wageni wa Mgiriki kwenda kuvua domo. Mgeni alikaa mbele na ufito wake na mshipi wake na kijisamaki cha bati kinachometameta; Yeremia alikaa nyuma na kafi. Hakuwa na maneno. Alionyesha kwa kidevu: pale, chini ya gogo lililolala, pale, manyasi yanapoingia majini. Maana domo si samaki wa kuzurura. Hujibanza kivulini, akasubiri chura apite, akammeza mzima. Akinasa, huruka juu ya maji na kutikisa kichwa kama mtu anayekataa shauri la wazee. Wageni walipenda hilo kuliko hata kumla.

Uhuru ukaja, watu wakacheza ngoma mpaka miguu ikavimba. Baadaye mashamba ya mkonge yakataifishwa, Mgiriki akafunga virago vyake akaenda. Samaki hawakutaifishwa wala hawakuondoka, waliendelea kuzaana. Akaja meneja mpya, Ndugu Lupakisyo, mtu wa Rungwe, mrefu, mwenye kupenda kazi iende na wakubwa wafurahi. Wakubwa wa Morogoro na Dar es Salaam wakaanza kuja siku za Jumamosi, na watalii wa hoteli ya mbugani Mikumi nao wakaletwa. Wakifika wanauliza: yuko wapi yule mtu wa kafi? Wakienda peke yao walirudi mikono mitupu. Wakienda na Yeremia walirudi na samaki.

Hapo sasa nikutajie Tomasi.

Tomasi alikuwa mtani wa Yeremia. Si ule utani wa makabila ambao kila mtu anaujua, Mkaguru na Mgogo, Mnyamwezi na Mzaramo. Hawa wawili wote walikuwa Wakaguru. Wao walikuwa na utani wa koo, ukoo wa huyu na ukoo wa yule, tangu kwa mababu. Mtani wako atachukua kuku wako mchana kweupe. Atakwambia mbele ya mkweo kwamba una miguu ya korongo. Ukinuna, aibu ni yako. Na yeye haombi radhi. Mtani akisema "nisamehe, nilikuwa natania", amekwisha kuukata utani, na siku ya msiba hakuna wa kukuchimbia kaburi, wala wa kuwachekesha wafiwa wakapata kumeza uji. Kwa hiyo neno la mtani likitoka, limetoka. Linajibiwa kwa neno jingine la utani, halifutwi.

Ikafika ile Operesheni ya kuhamia vijijini. Watu waliotawanyika kando ya bwawa, wa mkonge na wa mahindi, waliambiwa wote watahamia kijiji kipya barabarani, jina lake Tuungane, huko kuna shule itajengwa, na bomba la maji litakuja. Walitii, wengine kwa moyo, wengine kwa kuwa mapaa yao yalikuwa yameshateremshwa. Lori likaja. Yeremia akapakia vyungu, mtwangio, mkeka, watoto, na mkewe Paulina aliyekuwa na mimba changa. Mwenyewe akabaki chini anafunga kamba.

Tomasi alikuwa ameshapanda, amekaa juu ya magunia kama jumbe.

"Ndugu Dereva," akasema kwa sauti, "huyu usimpakie. Utapata pancha."

"Kwa nini?" dereva akauliza.

"Ana wake wawili chini ya maji. Husikii wanavyomlilia? Unadhani samaki wa hili bwawa wanakula chambo cha kila mtu? Amewapa dawa. Anawaita kwa majina, huyu Anastazia, huyu Agnesi, wanakuja. Akiondoka leo, kesho utawakuta wanaelea matumbo juu."

Lori zima likacheka. Yeremia akajibu kama ipasavyo, bila kuinua kichwa kutoka kwenye kamba. "Wivu huo, mtani. Wewe mmoja tu wa nchi kavu amekushinda."

"Mwambie, shemeji," akasema Katarina mke wa Tomasi, na Paulina akacheka akishika tumbo.

Ndugu Lupakisyo alikuwa amesimama kando ya gari lake kusimamia uhamisho. Yeye hakucheka. Aliujua utani, nani katika nchi hii haujui? Lakini alijua wote wawili ni Wakaguru, na kwa akili yake Mkaguru hamtanii Mkaguru. Aliyosikia yeye yalikuwa ushahidi wa jirani. Tena alikuwa amekwisha kuwaahidi watu wa Dar kwamba bwawa lipo, samaki wapo, karibuni wakati wowote.

"Yeremia," akasema, "wewe utabaki."

"Nibaki vipi, Ndugu Meneja?"

"Utabaki bwawani. Familia itangulie. Hii ni kazi ya taifa, wageni wanakuja."

"Ndugu Meneja, hakuna dawa. Huyu ni mtani wangu."

Lupakisyo akamtazama kwa upole, karibu kwa heshima. "Mganga gani umewahi kumsikia anasema anayo dawa?"

Yeremia akamtazama Tomasi juu ya magunia. Kicheko kilikuwa bado kimekaa usoni kwa Tomasi, lakini kilikuwa kimekauka, kama ugali uliosahauliwa. Alifungua kinywa. Wote wawili walijua lile neno lililohitajika, na wote wawili walijua halisemwi. Tomasi akafunga kinywa. Dereva akatia moto.

"Utakuja lini?" Paulina akauliza kutoka juu.

"Kabla ya mvua."

"Kabla ya mvua," akarudia Paulina, kama anavyomrudishia mtoto aliyetumwa dukani, ili asisahau.

Ikawa hivyo. Wengine walihamishwa wakalia. Yeremia akaachwa, na machozi yake hayakuwa na mahali pa kukaa, kwa maana ni nani atamhurumia mtu aliyeruhusiwa kubaki kwake?

Lakini kwake hapakuwa tena kwake. Nyumba zilisimama kuta tupu, jua linaingia kutokea juu. Vinu vilibaki bila mitwangio. Nchi ikisahauliwa na watu, wanyama hawachelewi kukumbuka: nguruwe pori wakaja kufukua mihogo iliyoachwa, tembo wakavuka kutoka upande wa mbuga na kuangusha mapapai, na nyayo za simba zikaonekana kwenye tope la bwawani, pana, zisizo na haraka. Jua likianza kuinama Yeremia alijifungia ndani akaegemeza mtumbwi mlangoni. Asubuhi aliurudisha majini. Maisha yake yakawa mtumbwi mlangoni, mtumbwi majini.

Jumamosi wageni walikuja. Aliwatembeza, akaonyesha kwa kidevu, wakapata samaki, na Lupakisyo akamwambia, "Dawa yako kali, Yeremia." Basi akatumia akili. Jumamosi iliyofuata akawapeleka wageni katikati ya bwawa, kwenye maji matupu ambako domo hana kivuli cha kujificha, wakatupa ndoana mpaka mabega yakauma, wasipate kitu. Akajisemea, sasa watachoka nami. Lupakisyo akamvuta kando.

"Umekasirika," akasema. "Umewafunga vinywa samaki. Sikulaumu, umekaa mbali na mkeo. Nitakuletea sukari. Wafungue."

Unaona ule mgono? Akipata samaki, ni dawa. Akikosa, ni dawa imeondolewa. Kila alikogeukia, ncha zilimtazama machoni.

Siku moja, ilikuwa katikati ya wiki, hakuna mgeni, akaamua kwenda. Alivaa suruali yake ya Jumapili ili asifanane na mtoro, akachukua samaki wakavu kwenye kapu, akatembea kwa njia ya reli hadi akatokea barabarani. Tuungane ilikuwa mistari ya mabanda ya manyasi, yamenyooka kama mahindi ya shamba la serikali. Akamkuta Paulina anapepeta. Tumbo lilikuwa limeshasema wazi. Watoto walimrukia, mmoja kila mguu.

Paulina alimkaribisha maji, akamtazama akinywa. "Hao samaki wako nao wana mimba?"

"Paulina."

"Nauliza tu. Maana naona wanatunzwa. Sisi huku wenzetu wamechimbia nguzo, wamekandika, wengine wameezeka. Wanaume wao wapo. Banda hili mvua ya kwanza italipita kama chujio la pombe. Nimeambiwa kiwanja kisichojengwa kabla ya mvua anapewa mwingine mwenye mtu wa kujenga."

"Nitajenga."

"Kwa kafi?"

Kivuli kilisimama mlangoni: Marko, mgambo wa kijiji, kijana wa Vidunda, na bunduki isiyo na risasi. "Shikamoo, mzee Yeremia."

"Marahaba."

"Mzee, samahani. Ndugu Meneja ametuma salamu. Amesema akionekana mtu wa bwawani arudishwe, vinginevyo ni kuhujumu kazi, na mwenyekiti ndiye atakayejibu."

"Kaa kwanza ule," akasema Paulina.

Marko akakaa. Wakala wote pamoja, mgambo na mfungwa wake, wakichovya katika bakuli moja, na Marko akasifu samaki. Alipomaliza akanawa mikono, akashukuru, akachukua bunduki yake, wakaenda. Njia nzima alimbebea Yeremia kapu. Hata kumchukia ilikuwa haiwezekani, na hilo lilimwelemea kuliko bunduki.

Wakati wa kupita mwisho wa kijiji Yeremia aliliona banda la Tomasi. Si banda tena. Nguzo zilikuwa zimesimama, kuta zimekandikwa nusu, na Tomasi mwenyewe juu ya kenchi, anafunga fito. Tomasi alimwona. Mtani akimwona mtani lazima aseme neno, na Tomasi akalitafuta.

"Mtani," akaita, "wale wake zako wa majini hawajakukaba tu?"

"Wanasubiri talaka ya kwako," Yeremia akajibu.

Wakacheka wote wawili, kila mmoja kwa upande wake. Marko naye akacheka. Ilikuwa desturi imetimizwa, na hakuna kilichobadilika.

Mawingu yakaanza kukusanyika upande wa milima ya Vidunda, jioni yanakuja, asubuhi hayapo. Yeremia akawa anayatazama kama mtu anavyotazama mlango wa hospitali. Maji ya bwawa yalikuwa yamepungua, tope la kando limepasuka, na domo walikuwa wamesogea pamoja kwenye kina kilichobaki. Hapo ndipo Tomasi alipokuja.

Alitokea asubuhi, ametembea, jasho linamtiririka, amebeba unga kwenye mfuko na jogoo kwapani. Jogoo mwekundu mwenye mkia. Yeremia aliposimama akamtazama yule jogoo, alielewa. Mtani haombi radhi. Lakini mtani anaweza kuleta jogoo, akamweka chini, na asiseme ni wa nini.

"Nimekuja kuona kama umeshaota magamba," akasema Tomasi.

"Karibu. Magamba bado, lakini nimeanza kusahau harufu ya watu. Wewe umenikumbusha."

Walichinja. Tomasi alikoka moto, akapika yeye, akampa Yeremia mapaja yote mawili na firigisi, akabaki na shingo na mabawa. Walipokwisha kula alitaka kupanda mtumbwi aone hayo mawindo yanavyofanywa. Yeremia akampeleka kidogo tu. Tomasi, mtu wa mlima, hakujua kuogelea. Alikaa chini kabisa ndani ya mtumbwi, ameshika kingo mbili, macho yamemtoka, na kila wimbi dogo alilitania ili lisimjue anaogopa.

"Nyumba yako," akasema ghafla, wakiwa majini. "Nguzo nimeshakukatia. Nimezilaza nyuma ya banda la Paulina. Nilitaka kuzichimbia, mwenyekiti akakataa, akasema kiwanja ajenge mwenye kiwanja."

Yeremia akaacha kupiga kafi. Neno la shukrani lilimfika kooni. Kwa mtani hata hilo huzungushwa.

"Bila shaka zimepinda," akasema.

"Kama miguu yako."

Basi wangelala vizuri siku hiyo, na kesho yake Tomasi angerudi kwa mkewe, na habari yangu ingekuwa nyingine. Lakini ilikuwa Jumamosi. Vumbi likainuka barabarani, na gari la Lupakisyo likateremka, nalo limemleta mkubwa mmoja kutoka Dar, mnene, mcheshi, na ufito mpya unaong'aa. Wakasalimiana. Tomasi, kwa kuwa alikuwapo, na kwa kuwa mtani akipata wasikilizaji ni kama ng'ombe amepata chumvi, akaanza tena.

"Ndugu Meneja, huyu mtu wenu amekwisha. Mwangalieni mbavu. Wale wake wa majini wamemla, wamebakiza kofia."

Mgeni akacheka sana. Lupakisyo akageuka kwa Yeremia kwa uso wa kazi. "Dawa ipo leo? Mgeni huyu hatarudi mikono mitupu, mimi nakwambia."

Yeremia alisimama na kafi mkononi. Ladha ya firigisi ya yule jogoo ilikuwa bado mdomoni. Akaona mawingu juu ya Vidunda. Akaona nguzo zimelala nyuma ya banda. Halafu neno likamtoka, laini, la utani kabisa, kama ipasavyo mtu kumjibu mtani wake.

"Ndugu Meneja, kwa nini mnanisumbua mimi mbeba mkoba? Dawa si yangu. Mwenye dawa ndiye huyu. Mimi alinituma tu. Si mmeona amekuja mwenyewe kukagua?"

Tomasi akapiga kofi pajani kwa furaha. Lilikuwa jibu zuri, alilistahi. "Kweli kabisa," akasema. "Mimi ndiye mganga mkuu. Huyu ni mwanafunzi, tena mzito wa kichwa."

"Mpe ufito," akasema mgeni.

Tomasi akapewa ule ufito mpya. Hakujua hata kuushika. Aliushika kama jembe. Akasimama ukingoni, akazungusha, mshipi ukajisokota, na kile kijisamaki cha bati kikaangukia si mbali, hapo hapo kwenye kina, karibu na gogo, mahali ambapo ukame ulikuwa umewabana domo wote pamoja. Hakijazama. Maji yakapasuka. Domo akaruka juu, mkubwa kama mtoto wa kunyonya, akitikisa kichwa, na Tomasi akapiga kelele akarudi nyuma kinyumenyume mpaka kwenye nyasi, akimburuta samaki, akianguka, akicheka, machozi yanamtoka.

Mgeni alimwendea yule samaki akachuchumaa. Lupakisyo alikuwa anamtazama Tomasi kama mtu aliyedanganywa miezi mingi na sasa amejua.

"Mlikuwa mnanificha," akasema. "Mwenye kitu mmempeleka kijijini, mkaniachia mbeba mkoba." Akamgeukia Yeremia. "Na wewe unasemaje? Unataka nini?"

"Kwenda nyumbani."

"Panda gari. Tutakushusha tukirudi. Huyu atabaki."

Tomasi alikuwa bado amekaa kwenye nyasi, na kicheko kilikuwa bado kinamtoka kidogo kidogo. Kikakoma. Alimtazama Yeremia. Lile neno lililokuwa linahitajika siku ya lori lilikuwa linahitajika tena, ila sasa lilikuwa kwenye kinywa cha pili. Yeye Tomasi hakuweza kulisema. Angesema huu ni utani, ingekuwa amekiri kwamba na ule wa kwanza ulikuwa utani, na alinyamaza mwenzake akifungwa. Alingoja Yeremia aseme. Yeremia aliweka kafi chini, taratibu, kwenye nyasi kati yao. Akaenda kukaa nyuma ya gari.

Garini mgeni alimwuliza mambo mengi ya domo, anakula nini, anataga wapi. Yeremia alijibu yote vizuri.

Alishushwa Tuungane jua lingali juu. Paulina alimwona akashika kiuno, akaingia ndani akatoka na jembe. Ndivyo alivyomkaribisha. Yeremia alipita nyuma ya banda akazikuta nguzo, zimekatwa sawasawa, zimemenywa maganda, hakuna hata moja iliyopinda. Akaanza kuchimba.

Katarina mke wa Tomasi akaja na ndoo ya maji kichwani. "Shemeji, umerudi! Na huyo ndugu yako umempita njiani? Alikwenda kwako na jogoo wangu, tena yule wa mbegu."

"Ardhi hii ngumu," akasema Yeremia.

"Ngumu, lakini ikishika imeshika. Ngoja nikusaidie udongo. Mtani akijenga nyumba asiposaidiwa na mtani, itaanguka." Akamimina maji kwenye lundo, akapandisha kanga, akaanza kukanyaga tope kwa miguu yake. "Tomasi akirudi ataizunguka nyumba yote akitafuta pa kuitukana. Alivyoshindwa kulala! Tangu lile lori, kila siku ananiambia Katarina, nifanyeje, Katarina, nifanyeje. Nikamwambia chukua jogoo uende. Mlimla vizuri, huyo jogoo?"

"Alinipa mapaja."

"Mh. Mimi hanipi."

Paulina alikuwa amesimama na mkono juu ya tumbo. Alikuwa anamjua mumewe. Alimwona anachimba shimo ambalo lilikuwa tayari limefika kina chake, anaendelea tu kwenda chini. Upande wa Vidunda kulikuwa kumeingia giza la mvua, na upepo ulileta harufu ya vumbi lililolowa mahali pengine. Watu wa mabanda mengine walikuwa wanaingiza mahindi ndani.

"Shemeji," akasema Katarina, bado anakanyaga, "atafika kweli kabla haijanyesha? Alisema analala usiku mmoja tu. Au umemtuma mahali?"

Yeremia akaweka nguzo ya kwanza ndani ya shimo. Ilizama mno, akaitoa, akarudishia udongo kwa mkono, akaiweka tena. Katarina akaja, miguu yake myekundu kwa tope mpaka magotini, akaishika ile nguzo isimame wima ili Yeremia ashindilie. Aliishika kwa mikono miwili, shavu lake karibu na mti, akamtazama usoni.

"Si nakuuliza wewe? Yuko wapi?"

Yeremia akashindilia mara moja. Akaacha. Paulina akasogea karibu.

"Bwawani," akasema Yeremia. "Nimemwacha bwawani, shemeji, mahali pangu. Nilisema neno nikapanda gari."